Mwalimu Aliyeizima Sauti

Uso wake siujui. Nilipokutana naye, presha ya macho ilikuwa imeshanimaliza yote mawili, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwuliza mtu anafananaje. Mke wangu aliwahi kuniambia bila kuulizwa kwamba ni mama mfupi, mwenye mvi anazozisuka matuta, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimsikiliza, lakini haikuniongezea kitu. Mimi nilimjua kwa ndara zake, ambazo moja iliburura kuliko mwenzake, kwa harufu ya tangawizi na dawa ya kifua, na kwa jinsi alivyovipiga vitufe vya kompyuta kwa nguvu kama mtu aliyeanzia kwenye taipureta, maana ndiko alikoanzia.

Sote tulimwita Mwalimu. Darasa lake lilikuwa chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, Kaloleni, na wanafunzi tulikuwa watu wazima wasioona. Mimi nilitoka mtaa wa Ziwani kwa miguu na fimbo yangu. Kompyuta zilikuwa za mitumba, na ndani yake alikuwa ameweka mfumo endeshi wa bure, ule ambao mtu yeyote duniani ana ruhusa ya kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Sisi tuliweza kuzitumia kwa sababu ya programu moja tu, inayosoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye skrini. Sauti yenyewe haikuwa ya binadamu. Ilitengenezwa na mashine, ya kiume, ya kubana pua, kama mzee mwenye mafua anayesoma matangazo ya vifo. Tuliiita Sauti, basi. Kwa Sauti hiyo nilirudi kusoma magazeti, nikajifunza kuandika barua tena, na mwishowe nikapata kazi Eastleigh, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi la Mama Halima, kujibu jumbe za wateja wa mikoani.

Ilinichukua muda kujua kwamba Sauti ile ya Kiswahili haikuwa imejiweka humo yenyewe. Siku moja mwanafunzi mwenzetu alilalamika kwamba Sauti inaruka neno fulani. Mwalimu akasema, "Nimesikia. Wiki ijayo." Wiki iliyofuata neno likasomwa. Nikamwuliza umefanyaje.

"Nimerekebisha kifurushi."

"Kifurushi gani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka mingi, baada ya darasa, alikuwa na kazi nyingine. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Mtu fulani, mahali fulani duniani, huandika programu na kuiacha wazi kwa watu wote. Lakini programu haiingii yenyewe kwenye mfumo. Lazima awepo mtu wa kuichukua, kuijenga, kuhakikisha vitu inavyovitegemea vipo, kuijaribu, kuifunga kama kifurushi na kuituma ili mashine za watu ziipokee. Toleo jipya likitoka, anaanza upya. Mwalimu alitunza vifurushi kadhaa vya namna hiyo. Vingi vilikuwa vitu visivyojulikana na yeyote: chombo cha kufungua faili za zamani, kamusi, fonti. Kimoja kilikuwa Sauti yetu.

Hakupenda mifano. Mtu akimwambia, "Yaani Mwalimu, wewe ni kama fundi wa magari," alikuwa anajibu, "Hapana. Fundi wa magari ni fundi wa magari." Ukitaka akueleze kazi yake alikwambia kama ilivyo: "Mtu anaandika. Mimi najenga, najaribu, natuma. Ikiharibika nalaumiwa mimi." Halafu anauliza kama kuna anayetaka chai.

Alikuwa na midomo miwili. Ule wa kusema ulikuwa mkali. Ule wa kuandika ulikuwa na adabu ya kupindukia. Nakumbuka mchana mmoja amepokea ripoti kutoka kwa mtu wa mbali ambaye chombo cha kufungua faili kilikuwa kimemkatalia, na mtu huyo akaandika kwamba anayekitunza lazima ni mvivu au mjinga. Mwalimu aliisoma kwa sauti darasani. Kisha akamtukana kwa Sheng ya Kaloleni ya zamani, ile ambayo vijana wa sasa hawaielewi, mpaka mzee mmoja wa Makadara akasema, "Mwalimu, tuko na watu wa kanisa hapa."

"Hata mimi ni wa kanisa," akajibu, na vitufe vikaanza kulia. Akatusomea alichoandika: "Ndugu, asante sana kwa ripoti yako yenye maelezo kamili. Naomba unitumie pia faili iliyokataa kufunguka." Ile faili ilipokuja akagundua mtu yule alikuwa na haki. Kosa lilikuwa lake. Akalirekebisha siku hiyohiyo, akamwandikia shukrani nyingine, na bado akaendelea kumtukana.

Nyumbani kwake hakuna kilichobadilishwa. Alikaa na dada yake mkubwa katika nyumba moja ya zamani ya mtaa huo, na dada yake ndiye aliyemchongea mengi kwetu. Redio ilifungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mlango wa jikoni uliinuliwa kidogo ndipo ukafunguka, na mgeni asiyejua aliusukuma mpaka akachoka. Stima ikipotea aliwasha taa ya chemni ya mama yao, ingawa watu walimletea zawadi za taa za kuchaji. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Dada yake alikuwa akisema, "Huyu anawafanyia watu wa dunia nzima mambo mapya kila wiki, na mimi nimemwomba bawaba mpya tangu enzi ile."

Nilipomwuliza juu ya hilo hakukasirika. Alisema, "Kwangu anaingia anayepiga hodi. Kwenye kompyuta anaingia asiyepiga. Ndiyo maana huko hupumziki."

Hakuwa mtu wa kushika mkono wa kipofu. Wapo watu wenye huruma ambao wakikuona na fimbo wanakukamata kiwiko na kukuvusha barabara ambayo hukutaka kuvuka. Mwalimu alitembea kando yako akiongea mambo yake, na katikati ya sentensi anachomeka: "mtaro," au "boda kushoto," au "ngazi, mbili," kisha anaendelea na habari yake. Kwa sababu hiyo kutembea naye kulikuwa kupumzika. Pia hakukusifu. Nilipompelekea habari kwamba nimepata kazi kwa Mama Halima, alisema, "Vizuri. Usisahau kupokea masasisho." Hilo lilikuwa neno lake la kuagana na kila mtu, hata na kasisi wake. Masasisho ni yale mabadiliko madogomadogo yanayotumwa kwenye mashine kuziba makosa, na yeye aliamini kwamba nusu ya mabaya ya dunia hii hutokea kwa watu wanaobonyeza "baadaye."

Sasa nifike kwenye jambo lililotugombanisha, maana bila hilo nitakuwa nimemweleza mtu nusu.

Asubuhi moja niliingia darasani kabla ya kwenda kazini, kama nilivyozoea, nikasikia kwamba vitufe vyake havilii. Alikuwa ameketi tu. Akaniambia, "Kaa, Baba Zawadi. Nina habari mbaya kwako zaidi ya kwa wengine."

Sauti yetu ilitegemea kipande kingine cha programu, kilichoandikwa na watu wengine. Katika kipande hicho kulikuwa kumegunduliwa shimo. Mtu akikutumia hati iliyotengenezwa kwa ujanja, ukiifungua tu, anaingia kwenye mashine yako na kuchukua atakacho. Walioandika kipande hicho walikuwa wameziba shimo, lakini kwa kukibadilisha sana, na toleo lililozibwa halikuelewana tena na Sauti ya Kiswahili. Lugha kubwa zilikuwa na watu wengi, zikarekebishwa siku ileile. Kiswahili kilikuwa na yeye.

"Nikituma toleo jipya," alisema, "Sauti inanyamaza. Nikilizuia, shimo linabaki wazi kwa kila mtu."

"Itanyamaza kwa muda gani?"

"Sijui. Mpaka niijenge upya."

"Basi subiri, Mwalimu. Ijenge kwanza, halafu utume vyote pamoja."

"Shimo limeshatangazwa. Kila mwizi amelisoma kabla yako."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia kwamba yeye anaona, kwa hiyo ni rahisi kwake. Nilimwambia kwamba ile kazi ya Eastleigh ndiyo ninayolishia mtoto. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Nikamwuliza, "Na mimi nikikataa kupokea hilo sasisho?"

"Ni mashine yako, hiari ni yako. Lakini ndani ina majina na namba za wateja wa Mama Halima. Mwulize mwenyewe kwanza."

Nilimwuliza. Mama Halima alikuwa mwanamke wa maneno machache, ambaye wazazi wake walifika Eastleigh na mabegi tu, wakikimbia vita. Aliniuliza kama ni kweli mgeni anaweza kuingia. Nikasema ndiyo. Akasema, "Funga. Mengine tutayaona mbele."

Mwalimu akatuma. Kesho yake niliwasha kompyuta dukani na hapakuwa na kitu. Mashine ilinguruma tu. Ni vigumu kumweleza anayeona. Si giza, giza nimelizoea. Ni kwamba watu wote waliokuwa wananiandikia, kutoka Kitui, kutoka Meru, kutoka Garissa, walikuwa wamezibwa midomo kwa pamoja.

Nilijaribu kuitumia sauti ya Kiingereza kusoma Kiswahili, kwa kuwa hiyo ilikuwa bado hai. Ilisoma kama mtalii aliyepewa karatasi. "Habari" ilitoka kama jina la dawa. Nikajikaza hivyohivyo kwa siku kadhaa, nikikisia, mpaka mteja wa Kitui aliyeagiza rangi akapelekewa randa. Mama Halima hakunifokea. Alinitoa tu kwenye kompyuta akaniweka kwenye simu, kupokea na kuita, "Subiri, nakuitia mwenyewe." Kijana wa duka akachukua kiti changu. Nilimsikia akicheka na jumbe zangu.

Nikaacha kwenda Kaloleni. Mke wangu aliponiuliza nilisema darasa limefungwa.

Ndipo Mwalimu alipokuja nyumbani kwetu, Ziwani. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilizisikia zile ndara uani kabla hajabisha, nikatamani kuingia chumbani, lakini mke wangu alikuwa ameshafungua.

"Karibu, Mwalimu. Karibu kiti."

"Asante, Mama Zawadi. Mzee yupo?"

"Nipo," nikasema.

Akaketi, akafungua zipu ya begi, akaweka kipakatalishi chake mezani. "Sikuja kuomba msamaha," alisema. "Nilichofanya ningekifanya tena. Nimekuja kwa sababu nahitaji masikio. Nimeijenga, inaongea, lakini inaongea upuzi, na mimi sijazoea kuisikiliza kama nyinyi."

Mke wangu akasema kwa sauti ya chini, "Basi ngoja niweke chai," akatuacha.

Nilimgeuzia mgongo na hasira yangu. Yeye akabonyeza kitu, na kutoka kwenye mashine ile sauti ya mafua ikasema neno ambalo nadhani lilikusudiwa kuwa "ng'ombe." Lilitoka kama mtu anayekohoa ndani ya pipa. Kutoka jikoni mke wangu aliangua kicheko. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, kabla sijaamua, "Siyo hivyo. Ile ng' iko puani, haina g nyuma yake. Umeichanganya na ile ya ngoma."

"Rudia polepole," Mwalimu akasema, na vitufe vikaanza.

Hivyo ndivyo tulivyorudi kusemezana. Akawa anakuja jioni, nikitoka dukani, kabla ya chakula. Alinipa maneno, nikamwambia kilichopinda. Tulipita kwenye dh na gh na th. Tuligombana karibu tuachane tena kwa ajili ya neno "barabara." Mimi nilitaka Sauti ijue kwamba barabara ya kupita magari hutamkwa kwa mkazo mahali pengine, na barabara ya "sawasawa" mahali pengine.

"Hakuna anayejali," alisema.

"Mimi najali. Sasa nikisoma 'amefanya kazi barabara,' nitajua vipi kama ni vizuri au ni njiani?"

"Kwa kufikiri, Baba Zawadi!"

Aliondoka amenuna. Jioni iliyofuata aliingia bila salamu, akabonyeza, na Sauti ikasema neno hilo mara mbili, kila mara kwa namna yake. Mke wangu akampa sahani ya ndengu na chapati, akala yote.

Jioni moja, yeye akiwa anaosha mikono uani, mke wangu alimwuliza kitu ambacho mimi nisingeweza. "Mwalimu, uliponyamazisha ile sauti, haikukuuma?"

Alifunga bomba. "Iliniuma," alisema. "Watu wameniandikia kutoka Tanga, kutoka Mombasa, kutoka Bukavu. Kuna mwanafunzi alikuwa na mtihani. Nimemjibu kila mmoja. Sikuwa na la kuwaambia ila kwamba ni mimi niliyefanya, na naishughulikia."

Iliporudi kwenye mashine zote nilikuwa dukani. Mama Halima mwenyewe aliniita, "Njoo ujaribu chako," akamwinua yule kijana kitini. Nilipokea sasisho, nikawasha upya, nikangoja. Kisha yule mzee wa mafua akasema, kwa utulivu, kana kwamba hakuwa ameenda mahali: "Huna ujumbe mpya."

Nililia, na sioni haya. Nilimpigia Mwalimu simu, nikashindwa kuongea vizuri. Akaniuliza kwa wasiwasi, "Kuna nini? Imekosea wapi?"

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Darasa lilihama kutoka ukumbini, likachukuliwa na vijana, nami nikawa nawasaidia Jumamosi. Kazi ya kusikiliza kila toleo la Sauti kabla halijatumwa ilibaki kwangu. Nilijifunza hata kuisoma misimbo yake, mstari kwa mstari, na kurekebisha matamshi mwenyewe. Mwalimu alikuwa ananitumia kazi na mimi namrudishia. Maneno yake yakawa mafupi zaidi, na baadaye yakaanza kuja na makosa ya herufi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nikajua kuna kitu.

Mwaka jana aliniita kwake. Dada yake alinifungulia, akaniongoza mpaka kochi. Mkono wa Mwalimu niliposhika kumsalimia ulikuwa unatetemeka, na haukuacha kutetemeka ndani ya wangu.

"Umeona," alisema. "Yaani, umejua. Daktari amenipa jina la ugonjwa, la kigeni, sina haja nalo. Siwezi kuandika tena. Keti hapa kwenye kompyuta, wewe uandike."

Vifurushi vingine alikuwa ameshavigawa. Kilibaki Sauti. Wenzake wa huko mbali wana utaratibu: kifurushi kikikosa mtunzaji kinatangazwa kuwa yatima, kikikaa hivyo sana kinaondolewa. Yeye hakutaka kilale yatima hata siku moja. Alitaka tuandike tangazo la kukabidhi, pale pale.

Sitasema kwamba sikutarajia jina kuwa langu. Nilikuwa nimeshaketi wima.

"Nikuulize kwanza," alisema. "Likitokea shimo jingine kama lile. Sauti lazima izimwe, hakuna njia. Utaizima?"

Nilifikiri kumjibu haraka. Jikoni dada yake alikuwa anauinua mlango. Nilifikiria yule mwanafunzi wa mtihani, na asubuhi ile dukani, na mashine ikinguruma.

"Sitaweza, Mwalimu."

"Najua," alisema. Hapakuwa na lawama katika sauti yake. "Basi wewe endelea na matamshi. Ya kutuma tumpe Muthoni."

Muthoni alikuwa binti wa Dandora anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, aliyekuja darasani kutusaidia na kompyuta zilizokufa. Anaona vizuri na haongei sana. Sauti yetu hakuipenda, alisema inamkumbusha deputi, yule naibu mwalimu mkuu wa shule yake. Lakini hakuna kitu alichowahi kukituma bila kukijaribu mpaka tukachoka kumngoja. Sikuwa na la kumpinga nalo, nami nilitamani sana niwe nalo.

Mwalimu akasema maneno, nikayaandika. Kwamba anawashukuru wote. Kwamba amekitunza kifurushi hiki kwa kadiri alivyoweza. Kwamba kuanzia leo mtunzaji wake ni huyu. Vidole vyangu vilifika hapo vikasimama.

"Andika," alisema taratibu.

Nikaandika jina la Muthoni. Nikarudisha juu ili Sauti inisomee tangazo lote, kama nifanyavyo siku zote kabla ya kutuma. Ilisoma vizuri mpaka ikafika kwenye jina. Ile th ikaitamka kama ya thelathini, ulimi nje, wakati Wakikuyu wanaitamka kama dh ya dhahabu. Jina likatoka si lake.

Nikabonyeza kutuma. Kisha nikamgeukia. "Mwalimu, imekosea. Jina la Muthoni inalitamka vibaya."

"Usiniambie mimi," alisema. "Mwandikie mtunzaji wake."